Mlango wa depo ya boti: mbao, manjanja au tripleksi?



Kwenye mikutano yetu hapa Kasuku, tukifika kwenye habari ya usafiri wa mtoni, maneno yanakuwaka juu ya mota, juu ya mazutu na juu ya bei ya kusafirisha gunia moja. Habari ya mlango wa depo hakuna anayeileta. Tunaikumbuka siku magunia yanafunguliwa sokoni na mchele unatoa harufu ya ukungu.

Tunaposema depo ya boti, tunamaanisha tumbo la balenieri, pale magunia yanapopangwa. Mlango wake ni kile kifuniko cha juu, pamoja na milango midogo ya pembeni na ile ya nyuma karibu na mota. Kwenye boti nyingi zinazobeba mazao yetu milango hiyo imechoka: mbao zimeachana, bawaba zimekatika, na mahali pengine mlango haupo tena, kumebaki bashi lililofungwa kwa kamba. Sasa watu wanauliza: tukitaka kubadilisha, tubadilishe na nini?

Maoni yetu ni haya. Tusichague kwa kuangalia bei ya siku moja ya sokoni. Tuchague kwa kuangalia gunia lililo chini ya ule mlango. Na kwa hapa kwetu, tunafikiri jibu la kwanza ni mbao ngumu, nyembamba kwa upana, zilizokauka vizuri. Manjanja, tripleksi na bashi zina kazi yake, lakini ni kazi ya kusaidia.

Kwa nini maagronomu wanazungumza juu ya boti

Wengine watatuambia: "Nyinyi kazi yenu ni shamba, mambo ya boti waachieni mafundi." Tunawaheshimu mafundi, na mlango wenyewe watautengeneza wao. Lakini kazi ya shamba haiishi siku ya kuvuna. Inaisha siku mnunuzi analipa.

Kindu ni mji wa mto. Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo hii, Alunguli iko ng'ambo ile. Kutoka hapa mpaka Ubundu, Lualaba unapitika kwa zaidi ya kilometa 300. Wakati wa ukoloni walipojenga reli, mwaka 1906 walimaliza ile ya kutoka Ponthierville, leo Ubundu, mpaka Stanleyville, leo Kisangani. Mwaka 1911 wakamaliza ile ya Kindu na Kongolo. Kipande cha katikati wakakiacha kwa boti, juu mto wenyewe ulitosha. Mpaka leo mto ndiyo njia yetu kubwa ya upande ule, na safari yake ni ya siku kadhaa, jua na mvua, mchana na usiku.

Sasa tuangalie kinachotokea kwa zao ndani ya siku hizo.

Mkulima ameanika mpunga wake mpaka umefika unyevu wa 14 kwa mia au chini yake. Hapo mpunga unaweza kulala katika ghala bila shida. Maji yakiuingia tena, kuna hasara ya aina mbili. Ya kwanza inaonekana kwa macho: ukungu, joto ndani ya gunia, punje kubadilika rangi. Ya pili haionekani upesi. Punje iliyokauka ikinywa maji kwa ghafula inapasuka ndani, ufa mdogo usioonekana. Ukiupeleka mpunga huo kwenye mashine, mchele unatoka vipande-vipande. Mnunuzi anapunguza bei, na mkulima anafikiri mashine ni mbaya au mbegu ni mbaya. Mashine na mbegu hazina kosa. Ni mlango.

Kwa karanga na mahindi habari ni nzito zaidi. Karanga inataka kukauka mpaka unyevu wa 7 au 8 kwa mia. Ikilowa, kuna ukungu fulani unaoota juu yake na kutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo haina harufu, na kuipika hakuiondoi. Huko Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mahindi yale yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Hatusemi kwamba kila gunia lililolowa mtoni litaua mtu. Tunasema kwamba mlango wa depo unalinda fedha, na vilevile unalinda sahani ya mtoto.

Na kuna mbegu. Gunia la mchele wa kula likilowa kidogo, mama atalianika na atauza kwa bei ndogo. Gunia la mbegu likilowa, hata ukilianika, huna uhakika kama itaota. Utajua ukiwa umeshalima, umeshapanda, na mvua ya kupandia imeshapita.

Mlango mzuri unafanya kazi nne

Kazi ya kwanza: kufukuza maji ya juu, yaani mvua na mawimbi. Ya pili: kutotengeneza maji yake wenyewe. Hapa wengi wanashangaa, tutaeleza. Ya tatu: kubeba uzito, juu kila mtu anajua kwamba abiria wanakaaga juu ya mlango na wapagazi wanapita juu yake na magunia kichwani. Ya nne: kufunguka upesi. Boti ikiingiza maji chini, mtu lazima aweze kufungua na kufua maji mara moja. Mlango uliopigiliwa misumari moja kwa moja ili kuzuia wezi unaweza kuzamisha boti pamoja na watu. Wezi wazuiwe na kufuli, na ufunguo ukae kwa nahodha ndani ya safari yote.

Tupime sasa kila kitu kwa kazi hizo nne.

Bashi peke yake

Bashi ni rahisi na linapatikana. Linafukuza mvua wakati bado ni jipya. Lakini halibebi mtu, maji yanasimama katikati yake kama ziwa dogo, na tundu moja la moto wa sigara linatosha kulowesha magunia matatu. Tunalikubali kama nguo ya juu ya mlango wakati wa mvua kali. Kama mlango wenyewe, tunakataa.

Manjanja na vyuma

Manjanja ya kufunikia nyumba ni membamba sana kwa kukanyagwa. Bati zito la chuma la milimeta 2 linabeba mtu kama limewekewa fremu, na uzito wake ni karibu kilo 16 kwa kila meta moja ya mraba. Mwizi hawezi kulikata kwa kisu. Kwa hiyo wengi wanaona ndiyo dawa.

Shida yake ni ile kazi ya pili. Mchana jua linachoma chuma na depo inakuwa kama tanuri. Magunia yanatoa mvuke kidogo-kidogo. Usiku chuma kinapoa upesi, mvuke unagusa bati baridi, unageuka matone, na matone yanaangukia magunia ya juu. Mvua haikunyesha hata kidogo, lakini asubuhi magunia yamelowa. Kila mama anayepika na sufuria yenye kifuniko amekwisha kuliona jambo hilo.

Tena kuna bati la kupasua pipa. Pipa lililobeba mazutu linabaki na harufu, na mchele unashika harufu upesi. Pipa lililobeba dawa ya wadudu au dawa nyingine ya kiwandani lisitumike hata kidogo juu ya chakula, hata kama limeoshwa mara kumi.

Mahali ambapo chuma kinafaa ni mlango wa karibu na mota, pale kuna joto na matone ya mazutu. Mbao iliyokunywa mazutu inashika moto vibaya. Lakini magunia ya chakula yasipangwe pale, na mapipa ya mazutu yasilale katika depo moja na mchele.

Tripleksi

Tripleksi ni nyepesi. Ya milimeta 18 ina karibu kilo 11 kwa meta moja ya mraba, na fundi anaikata kwa saa moja. Ubaya wake uko kwenye gundi. Tripleksi nyingi za sokoni zimetengenezwa kwa kazi ya ndani ya nyumba: makabati, dari, vitanda. Ikilowa na kukauka mara kadhaa, inaachana kama kurasa za kitabu kilichoanguka majini.

Kuna tripleksi yenye gundi isiyoogopa maji, ile wanayotumia pia kwa kumwagia beto, yenye ngozi laini ya rangi ya giza. Kama muuzaji anakuambia ni hiyo, omba kipande kidogo, ukichemshe katika sufuria kwa saa kadhaa. Kikiachana, umejua. Kikibaki kizima, unaweza kununua, lakini kila ukingo uliokatwa upakwe rangi vizuri mara mbili, juu maji yanaingilia pale.

Aluminiamu na plastiki nzito

Kuna aluminiamu ya milimeta 3, yenye karibu kilo 8 tu kwa meta ya mraba, na haili kutu kama chuma. Kuna na mbao za plastiki nzito, zisizonywa maji kabisa. Ni vitu vizuri, hatutavisema vibaya. Lakini aluminiamu nayo inatoa matone usiku kama haina mbao chini yake, na kuichomelea kunataka fundi na vyombo maalum. Plastiki nzito inapinda chini ya jua kama fremu haitoshi, na si rahisi kuipata hapa. Kitu kikivunjika njiani, nani atakitengeneza? Tunaona ni busara kuchagua kitu ambacho fundi wa kijiji cha kando ya mto anaweza kukirekebisha kwa nyundo na randa.

Mbao

Hapa ndipo tunaposimama, lakini si kila mbao. Mbao nyepesi za miti inayokua upesi, kama kombokombo, zinaoza haraka zikikaa kati ya maji na jua. Ndizo zinazofanya watu waseme mbao haifai.

Mbao ngumu ni habari nyingine. Mvule, ule unaoitwa pia kambala au iroko, umejulikana tangu zamani kwa kutengeneza boti na milango ya nje, juu unavumilia maji na wadudu bila dawa. Lakini ni moyo wa mti unaovumilia. Ile sehemu nyeupe ya nje, karibu na ganda, inaliwa kama mbao nyingine yoyote. Mkinunua, mkatae mbao yenye ukingo mweupe au muondoe ule weupe. Na fundi anayepiga randa mvule afunike pua na mdomo, maana vumbi lake linawasha kifua.

Mbao inashinda chuma katika kazi ya pili: haipoi kwa ghafula, tena inanywa mvuke kidogo bila kuurudisha kama matone. Ubaya wake ni uzito. Mvule wa sentimeta 2.5 una karibu kilo 16 kwa meta ya mraba, sawasawa na lile bati la milimeta 2. Mlango wa meta 1 kwa meta 1.20 utapita kilo 19, kabla hujaongeza vipande vya kuufunga nyuma. Mtu mmoja hataunyanyua upesi boti ikiyumba. Kwa hiyo ugawanyeni: milango miwili au mitatu midogo kuliko mmoja mkubwa. Mlango wa sentimeta 60 kwa 80 una karibu kilo 8, hata kijana anaunyanyua. Na uzito mwingi juu ya boti unaifanya ipinduke kwa urahisi, tusisahau.

Mbao ziwe nyembamba kwa upana, kama sentimeta 10 mpaka 12. Ubao mpana unajikunja jua likiupiga. Na ziwe zimekauka. Mbao iliyopasuliwa wiki iliyopita ikiwekwa leo, baada ya miezi michache itaachia nafasi ya kuingiza kidole. Zipangwe chini ya paa, na vijiti katikati ili hewa ipite, kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo kazi ya mlango inaanza kiangazi, Juni mpaka Agosti. Siku mvua imeshaingia depo, umechelewa.

Vitu vidogo vinavyoharibu kazi kubwa

Mlango mzuri juu ya ukingo mbaya ni bure. Tundu la depo lizungushiwe ukingo wa mbao uliosimama, na mlango uvae juu yake kama kifuniko cha sufuria, usiingie ndani yake kama kizibo. Kati ya mlango na ukingo, pigilieni utepe wa mpira wa ndani wa gurudumu la zamani. Mlango uinamie upande mmoja kidogo ili maji yasisimame.

Bawaba ziwe na vise zinazopita mpaka ng'ambo ya pili na kufungwa kwa nati. Msumari peke yake unachomoka, juu mlango unafunguliwa mara nyingi kwa siku.

Na hili tunalisema kwa nguvu: oili chafu ya mota isipakwe kwenye mlango wa depo ya chakula. Tunajua ni desturi ya watu wengi kwa kulinda mbao. Lakini oili hiyo imebeba vyuma na sumu kutoka ndani ya mota, na jua likichoma, inatiririka mpaka kwenye magunia. Mvule hauihitaji. Kama mnataka kupaka, pakeni rangi ya mafuta upande wa nje, iachwe ikauke kabisa kabla ya kupakia.

"Lakini boti si yetu"

Hilo ndilo neno kubwa tunalolisikia, na ni neno la haki. Ushirika mwingi hauna boti. Unalipa nafasi kwa mwenye boti. Kwa nini mkulima amnunulie mtu mwingine mbao?

Tuangalie nani anapoteza. Gunia likilowa, mwenye boti amekwisha kulipwa, na kesho atapakia ya wengine. Hasara yote inabaki kwa mwenye gunia. Kwa hiyo tukimngojea mwenye boti abadilishe mlango kwa fedha yake, tutangoja sana, maana mlango mbovu haumuumizi yeye.

Tufanye hesabu ya mfano, kila ushirika uweke namba zake. Tuseme mnapakia magunia 40 kwa safari, na kila safari ya mvua magunia mawili yanalowa na kuuzwa nusu bei. Ni kama kutupa gunia moja mtoni. Kwa safari sita, ni magunia sita. Sasa mwulizeni fundi: milango miwili ya mvule, na kazi yake, na bawaba, ni magunia mangapi? Kama jibu ni magunia matano, mlango umejilipa ndani ya msimu mmoja, na utabaki kwa misimu mingine. Kama jibu ni kumi, umejilipa ndani ya miwili. Wazee walisema rahisi huvunja upishi: bashi la bei ndogo limetugharimu magunia mengi.

Tunashauri njia ya katikati. Ushirika utoe mbao, mwenye boti alipe fundi. Au ushirika ulipe vyote, na gharama ipunguzwe kidogo-kidogo kwenye bei ya magunia mpaka iishe. Mapatano yaandikwe kwenye karatasi, na shahidi, na yasomwe mbele ya mkutano mkuu. Na iandikwe pia kwamba gunia lililolowa kwa kosa la mlango, mwenye boti analipa sehemu yake. Asiyekubali kuandika hilo, tumwulize vizuri kwa nini, halafu tutafute boti nyingine.

Wengine watasema boti nyingine hakuna, na siku mzigo uko tayari huwezi kuchagua. Ni kweli kwa mkulima mmoja mwenye magunia matatu. Si kweli kwa ushirika wenye magunia 40 kila mwezi. Mwenye boti anatuhitaji sawa na sisi tunavyomhitaji. Kama hatutumii nguvu hiyo kwenye jambo dogo kama mlango, tutaitumia wapi?

Tufanye nini sasa

Kabla ya safari inayofuata, watu wawili wa kamati, baba mmoja na mama mmoja, washuke kivukoni wakati depo iko tupu. Mmoja aingie ndani, mlango ufungwe juu yake: akiona mwanga wa jua, maji yatapita pale pale. Halafu wamwage ndoo mbili za maji juu ya mlango na kungoja kidogo. Chini kukiwa kukavu, mpakie. Kukiwa kumelowa, msipakie mbegu wala karanga siku hiyo, hata kama nahodha anapiga kelele kwamba mnamchelewesha.

Kwenye mkutano unaokuja, habari ya mlango iandikwe kwenye mpango wa mazungumzo pamoja na ile ya mota na mazutu. Mwandike mna boti ngapi mnazotumia, milango mingapi imechoka, na mbao ngapi zinahitajika, ili zipasuliwe na kuanikwa kiangazi. Na zinunuliwe kwa mpasuaji mwenye karatasi za kazi yake, zisije kukamatwa njiani pamoja na fedha yenu.

Mkulima wa Maniema analima kwa jembe, anavuna kwa mkono suke kwa suke, mama anaanika na kuchunga kuku siku nzima. Kazi ile yote isiharibiwe na mbao nne zilizooza juu ya depo.